Nungunungu wa Langoni

Katika maktaba ya mji, watoto walikuwa wakitoa maoni yao juu ya riwaya waliyokwisha kuisoma, ya wanyama mashujaa walioilinda ngome yao dhidi ya majoka. Wote waliisifu. Zuberi alisema yeye angeweza kuisoma tena kwa ajili ya vita vya mwisho tu.

Zamu ikamfikia Tumwene, msichana mwenye kigugumizi. Kila mara alisema "nimekipenda" kisha akaketi upesi. Leo alisimama, kitabu amekikumbatia.

"Mimi si-sikukipenda."

Watoto wakageuka. Bi Rukia, mkutubi, akamsaidia kwa upole. "Kwa sababu ya mapigano mengi, mwanangu?"

"Hapana, Bi. Na-naomba nimalize mwenyewe."

Bi Rukia akaitikia kwa kichwa. Zuberi akacheka, akaona hakuna aliyemfuata, akaacha. Maneno yalimkwama Tumwene kooni, naye akayangoja mpaka yakatoka, moja baada ya jingine.

"Nungunungu alibaki nje kulinda lango ili we-wenzake waingie. Wakafunga. Wakashinda, wakala karamu. Hakuna aliyemuulizia. Hata mwandishi."

Zuberi akafungua kurasa za mwisho za nakala yake, akapitisha kidole juu ya mistari.

"Kweli hayumo," alisema taratibu. "Labda alikufa."

"Ha-haijaandikwa kwamba alikufa," Tumwene akajibu, bado amesimama.

Chumba kizima kikajaa mchakacho wa kurasa, watoto wakirudi nyuma kumtafuta.