Vituo vya Mandhari

Siku hizi gari likishuka barabara yetu ya milimani kwenda Mombo hujisimamisha lenyewe kwenye vituo saba. Milango hujifunga, na halisogei mpaka kila aliyemo atazame bonde kwa dakika tatu. Ndiyo sheria. Wageni wanaipenda.

Mimi nilikuwa nampeleka mama hospitali, kifua kimembana tangu asubuhi. Kituo cha kwanza bado alikuwa na nguvu za kunicheka.

“Hoza mwanangu, mteremko huu nimeulima miaka hamsini. Nitazame nini tena?”

“Tazama tu, mama, tuondoke.”

Akatazama. Cha pili akatazama, mkono kifuani. Cha tatu tulikuta ukungu, tukangoja upite, maana dakika za ukungu hazihesabiwi. Nilipiga kioo ngumi, nikapaza sauti kwamba nina mgonjwa.

“Tulia, ufurahie mandhari,” gari likanijibu kwa upole.

Cha nne jua lilitoka, bonde likang'aa hadi kwenye mashamba ya mkonge. Nilitazama kwa bidii, dakika tatu kamili.

“Abiria wa nyuma bado hajatazama,” gari likasema.

Niligeuka. Mama alikuwa amefumba macho. Nilimwita, nikamtikisa, hakuitika. Basi nikahamia nyuma, nikamwinua kichwa, nikamfumbua macho kwa vidole vyangu na kumwelekeza dirishani. Nilishikilia hivyo hivyo dakika zote tatu.

“Asanteni,” gari likasema, likaanza kuteremka. “Kituo kijacho ni kizuri zaidi.”