Nukta Upande Wetu

Lusia aliiweka atlasi ya shule juu ya meza ya ofisa, pale Mbinga, akanigeukia. "Onyesha, Mwalimu."

Mumewe alikuwa amekamatwa ziwani na doria ya nchi jirani. Ofisa aliahidi kumwandikia barua ya utetezi iwapo tungeonyesha kwamba alikamatwa upande wetu, mashariki ya mstari unaoligawa ziwa katikati.

Mdogo wa mumewe, aliyeponyoka kwa mtumbwi wa pili, alikuwa amenieleza ukweli: mnara wa kanisa la Liuli ulikuwa umeshazama. Wavuvi wetu hupima hivyo. Mnara ukizama machoni, umevuka katikati.

Kwa miaka kumi na minane nimewakataza wanafunzi kusogeza alama ya ramani hata kwa upana wa ukucha. Nilichonga penseli, nikaweka nukta upande wetu, mbali na mstari.

"Hapa," nikasema.

Ofisa aliitazama bila hasira. Kisha akatoa kwenye droo ramani iliyoletwa na wale waliomkamata. Mpaka wao haukupita katikati ya ziwa. Ulifuata ufuko wetu, ghuba kwa ghuba.

"Mama, kwa ramani hii hata maji mnayooshea vyombo ni yao. Mwalimu angeweka nukta popote, jibu lao ni lile lile."

Lusia aliukunja upindo wa kitenge chake, akaukunjua.

"Sasa, baba, angevua wapi?"

Ofisa akanitazama mimi, kana kwamba swali hilo lilikuwa la somo langu.