Ndoo Iliyogoma

Hapa mtaani hakuna mwanamke aliyenishinda kubeba maji. Niliwashinda wote, kisha kizazi changu kikanishinda mimi: kilishuka mpaka nikawa natembea kama bata.

Siku hizi ndoo zina akili. Zinampima mwanamke anayezishika, na zikiona kizazi chake kimeanza kushuka, zinang'ang'ania sakafu mpaka aende kliniki, akafundishwe kukaza misuli ya chini au avalishwe ndani pete ya mpira ya kukishikilia. Mimi nilisingizia mgongo miaka yote. Pete yangu niliipata uzeeni, na marehemu mume wangu alikwenda kaburini akidhani nimemchoka.

Jana nilimkuta binti yangu Mwanahija, aliyetoka arobaini juzi tu, ndoo yake imeganda uani kana kwamba imeota mizizi.

"Hii vipi?"

"Mbovu, mama. Betri."

Nikaishika. Ikainuka bila tabu, kwangu mimi kizee mwenye pete.

"Labda inakupenda," akasema, macho chini.

"Na hili pipa la maji limejaa, kajaza nani?"

"Mume wangu, kabla hajaenda kazini. Mimi tangu nijifungue sijabeba hata kikombe. Wallahi, mama!"

Nilitaka kucheka, machozi yakaniwahi. Nyuma ya mlango dumu la zamani, lile lisilo na akili, lilikuwa bado linachuruzika maji, na mwanangu alikuwa ananiapia huku ngata ya kubebea maji ingali kichwani mwake.