Kichefuchefu cha Bupe

Siku hizi ukivaa kidude nyuma ya sikio, kichefuchefu chako anakibeba mtu mwingine. Boti ya matanga iliyumba kati ya visiwa vya Karibea, na Bupe na rafiki zake walitafuna kambakochi bila wasiwasi. Kule nyumbani Mbezi, dada zao wa kazi waliinamia ndoo.

Bupe akampigia Tusa, dada yake wa kazi.

“Mtoto kala?”

“Kala, mama. Ila samahani, nimechafua zulia.”

Rafiki yake Kissa akachungulia simu, akacheka. “Wangu hata hajatapika. Nahodha, turudie lile wimbi kubwa.”

Wenzake wakapiga makofi, siagi ikiwachuruzika videvuni. Bupe akaona kinyaa, nyongo ikampanda kooni. Mara tumbo likatulia, na kwenye simu akamsikia Tusa akitapika tena.