Kashata za Shemeji

Sheria ilikuwa hii: ardhi ni ya mwenye trekta lililoikanyaga mwisho, na jicho la angani lilimtambua kwa alama za kashata, yale meno ya matairi, udongoni. Ndivyo Ambakisye alivyompokonya Sekela, mjane wa kaka yake, shamba lote, matanga hata hayajaanuliwa.

Sasa mawe yalikuwa yamezinyofoa kashata zake, na fundi wa matairi alikuwa Sekela.

“Shemeji, yaliyopita si ndwele.”

“Tugange yajayo,” Sekela alimjibu, akamchongea mpya, kwa mchoro wa matairi ya trekta alilorithi kwa mumewe.

Ambakisye alilima kutwa akipiga mluzi, na kila alipopita ardhi ikawa ya Sekela. Jioni aliliendesha trekta hadi nyumbani kwake mwenyewe, akalizima mlangoni pa jiko. Hapo napo pakawa pa Sekela.

Mkewe, mtu pekee aliyemletea Sekela uji msibani, aliacha kupepeta mchele, akampungia mkono Sekela aliyekuwa akitazama kutoka ng'ambo ya barabara. Sekela naye akapunga, vumbi jeusi la mpira likiwa bado kiganjani.