Kitako Kilichokatwa

Mbweha alikuwa akinyemelea banda la kuku Ardith alipoitwaa bunduki ya marisau ya baba mkwe wake, ile ndefu iliyomsumbua bega miaka yote. Safari hii ilimkaa begani kama amezaliwa nayo. Kitako kilikuwa kimekatwa, na mwishoni pamegongomewa kipande cha tairi la trekta.

Akamgeukia mumewe, aliyeketi barazani na macho yake yenye ukungu.

"Kumbe uliponipima mkono kwa kamba haikuwa kwa ajili ya sweta, mzee?"

"Sweta zimejaa dukani. Bunduki ya mkono wako ingetoka wapi?"

"Na wewe utaishikaje tena?"

"Mimi hata jogoo simwoni. Piga, mbweha hangoji shukrani."

Ardith akafuta macho kwanza, ndipo akalenga.