Nyayo za Kushoto

Leo zilikuwa nyayo kumi na moja, zote za mguu wa kushoto, fupi kama kiganja cha Najla. Zilitoka langoni, zikakatiza nyasi za plastiki za uani, zikaishia chini ya dirisha la chumba chake.

Ndiyo kwanza alikuwa ameamka kutoka usingizi wa mchana. Jua la mji wa Muharraq huyalainisha majani yale, na chochote kinachoyakanyaga huacha alama mpaka mtu ayasimamishe. Najla alinyunyiza maji, akaokota kokwa za tende, kisha akaanza kusugua kwa ufagio mgumu, kinyume na majani yalikolala. Mchanga uliomwagwa chini yake ukamrukia miguuni. Wayo wa kwanza ukainuka, ukapotea.

"Unazichana kama nywele za biharusi!" alisema Sabika, mdogo wake, kutoka kibarazani. "Dada, hili zulia ling'olewe. Kesho naleta mafundi waweke vigae."

"Na Ghanim atapita wapi?"

Ghanim alikuwa na miaka minne gari lilipomgonga na kumuua nje ya lango lile. Kwa miezi mitano Najla, mama yake, hakutoka kitandani, hata chakula alilishwa. Kisha siku moja akaona nyayo chini ya dirisha, akainuka, akatafuta ufagio.

"Haya, niambie," Sabika alinong'ona. "Kwa nini mguu mmoja?"

"Ndara ya kushoto haikuonekana siku ile. Ndiyo aliyoondoka nayo."

Ya kulia Najla alikuwa akilala nayo chini ya mto.

"Mungu wangu! Shemeji, hebu msikie mkeo!"

Jarrah, mume wa Najla, alikuwa amesimama mlangoni muda wote. "Mwache, Sabika. Ukiziondoa hizo nyasi utamrudisha kitandani." Akamgeukia mkewe. "Umeamka, Mama Ghanim?"

"Nimeamka, Baba Ghanim."

Najla alimsogelea mumewe, akainama, akampangusa chembe za mchanga magotini pa kanzu, kama alivyofanya kila siku.

"Mafundi wasije," Najla alisema.

"Mtakufa na majini yenu humu ndani," Sabika alilalama, akatafuta viatu vyake.

Adhana ya alasiri ilipolia, Jarrah alikwenda msikitini kwa miguu. Najla akaingia chumbani, akaitoa ndara ya kulia chini ya mto, akaibusu. Akatoka nayo mpaka kwenye gari la mumewe, akafungua buti, akainua tairi la akiba, akailaza ndara kando ya ile ya kushoto iliyofichwa humo.

Kesho yake, alipoamka, nyayo zilikuwa za miguu yote miwili.